Saksafoni Isiyokubali Wenzake

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwaka wa hamsini na tano, duka la vitu kuukuu la Thika lilijaa watu hadi mlangoni. Mbithe, yaya wa nyumba ya mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kule Ruiru, alikuwa amekuja kutazama cherehani. Alivaa gauni la maua ya bluu, na alijijua amependeza. Akamkuta kijana mrefu amemulika tochi ndani ya saksafoni, jicho moja amelifumba.

"Inaumwa wapi, daktari?" Mbithe akamtania.

"Natafuta pahali inavuja, dada. Ikivuja, na pesa yangu imevuja."

Haikuvuja. Kijana huyo, Dismas, tarishi wa kiwanda, akaipuliza, na duka zima likamgeukia. Mbithe akasogea karibu, wala hakuona haya.

Mwenye duka alitaka shilingi mia na arobaini, akakubali kuiweka huku Dismas akilipa kidogo kidogo. Kulikuwa na bendi ya Thika iliyokuwa imempoteza mpiga saksafoni wake, Muigai, aliyekamatwa kwenye msako wa Mau Mau akapelekwa kizuizini. Ambaye angekuja na saksafoni yake mwenyewe angepewa nafasi hiyo.

Miezi mitatu Dismas alilipa, na miezi mitatu simu ya memsahib, mke wa yule mzungu, ililia asubuhi, Dismas akiipiga kutoka ofisini kabla wakubwa wa kiwanda hawajafika.

"Hapa buchari. Mnataka maini leo?"

"Tunataka moyo," Mbithe alinong'ona.

"Moyo umeisha, nyar Ukamba," Dismas akasema, akimwita binti wa Ukambani kwa Kijaluo chake. "Ulienda Ruiru na haujarudi."

Lakini mzee Makau, babake Mbithe, alikuwa ametuma neno kutoka Machakos: kijana wake asipoleta mbuzi wa mahari kabla ya Krismasi, msichana ataolewa na mfanyabiashara mmoja mjane. Mshahara wa tarishi, ukishakatwa deni la saksafoni, haukununua hata mguu wa mbuzi. Bendi ndiyo iliyobaki. Basi wakarudi dukani, Mbithe akafungua leso, akatoa arobaini zake za cherehani kumalizia deni.

"Ngoja kwanza niulize watu wa bendi," Dismas akasita.

"Uulize nini? Si tumeisikia kwa masikio yetu? Chukua!"

Akaichukua. Tangu siku ile simu haikulia tena. Wiki ya kwanza Mbithe alimwombea, ya pili akamlaani. Jumapili moja, mwezi wa kumi na mbili, akaenda Thika, akamkuta ameketi mlangoni pa chumba chake, shati halijapigwa pasi.

"Umepata wasichana wa dansi, siyo?"

"Sijapiga hata dansi moja, bendi imenikataa." Dismas akaigeuza saksafoni, akamwonyesha herufi ndogo iliyochongwa chini ya namba. "Hii ni alama ya sauti yake. Zamani walitengeneza zingine za sauti ya juu kidogo kuliko za siku hizi. Kodiani ya bendi ikilia, sauti yangu iko juu yake. Nimevuta mdomo wake nje ili sauti ishuke, mpaka karibu uanguke. Wapi! Tuliipima ikiwa peke yake, Mbithe. Peke yake haina kosa."

"Irudishe dukani."

"Mwenye duka hataki hata kuiona."

"Na mimi ndiye nilikuharakisha."

"Ndiyo sababu sikupiga simu. Ningekuambia nini?"

Hasira yote ikamtoka Mbithe, akalia kifuani pake. Alimpenda kuliko siku ile ya dukani, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Tutoroke, twende kwetu," Dismas akasema.

"Mbuzi wa yule mjane wameshaingia bomani, baba hakungoja Krismasi. Nikitoroka, baba atamfukuza mama. Anakuja kunichukua kesho, Dismas."

Mbithe akainuka, akaenda kupanda basi la Ruiru.

Asubuhi, mzee Makau alikuwa amekaa jikoni kwa memsahib na kofia yake magotini, sanduku la bintiye limefungwa kamba. Simu ikalia. Mbithe akawahi.

"Hapa buchari," sauti ikasema.

Saksafoni ikaanza. Dismas alipiga kwa nguvu zake zote, na ofisi ile ingeweza kumfukuza kazi dakika hiyo hiyo. Hapakuwa na kodiani wala tarumbeta ya kuipinga, na hakuna noti hata moja iliyokosea. Mbithe alikibana chombo cha simu sikioni mpaka mwisho.

"Ni nani?" memsahib akauliza kutoka chumbani.

"Ni buchari, memsahib." Akafuta uso kwa aproni, kisha akaivua na kuitundika msumarini. "Anasema leo hana kitu."