Gari la Mama na Vyoo vya Shule

Kila asubuhi mama huwasha gari kabla hatujamaliza chai, na kila asubuhi chai hunishinda. Mama ni dereva wa gari la majitaka, lile lori lenye tangi mgongoni linalonyonya vyoo vilivyojaa. Hata lioshwe kwa sabuni mpaka ling'ae, linanuka tu. Harufu yake inaingia kwenye nywele, kwenye sare, mpaka kwenye mkate.

Asubuhi ile tulipanda kama kawaida, mimi dirishani na mdogo wangu katikati. Yeye tunamwita Manukato, kwa sababu hatoki nyumbani bila kujipulizia. Injini ilikuwa ikinguruma polepole. Mama alikuwa ametulia tuli, mguu hauko hata karibu na pedali ya mafuta.

"Mama, twende basi," Manukato alisema huku ameziba pua. "Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Injini hii ina turbo," mama alimjibu. "Turbo ni kama feni ndogo. Inazungushwa na moshi wa injini, nayo inasukuma hewa ndani ili gari lipate nguvu. Inazunguka kwa kasi ya ajabu. Ukikanyaga mafuta kabla oili haijapata moto na kuifikia vizuri, unaisaga kavukavu. Kwa hiyo tulia."

Manukato alibetua midomo. Mimi nilikuwa nawaza vyoo vya shule, na kuviwaza tu kulinitia kichefuchefu. Vilikuwa vimejaa mpaka vimefurika. Maji meusi, yenye funza, yalikuwa yanatambaa kuelekea kwenye mabomba ya maji ya kunywa, na watoto wa darasa la kwanza walishaanza kuhara. Bwana afya alikuwa ametoa onyo: visiponyonywa siku hiyo kabla ya adhuhuri, anaifunga shule. Kazi hiyo alikuwa amepewa mama. Niko darasa la saba na mtihani wa mwisho uko mlangoni. Shule ikifungwa, nimekwisha.

Tulipoanza kupanda kilima, gari likaishiwa nguvu. Mama alipunguza gia, lakini wapi. Huku nyuma ulikuwa unatoka moshi mweusi tii, na wanafunzi waliokuwa wakitembea kwa miguu walitupita wakicheka. Tulifika shuleni kwa mwendo wa kinyonga.

Mama alishusha mpira mnene ndani ya shimo na kuwasha pampu. Kila alipoongeza mafuta, injini ilikohoa na kutaka kuzima. Mpira ulinyonya kidogo, kisha ukacheua. Uchafu wote ukarudi shimoni ukibubujika, na tone moja likarukia soksi yangu. Yaani nilitamani kuukata mguu.

Bwana afya alikuwa amesimama mbali, kitambaa puani, kufuli mkononi. "Dada, muda unakwenda," alimwambia mama. "Siwezi kuacha watoto waugue hapa."

Mama alimpigia simu kaka yake, mjomba wetu, ambaye ni fundi wa magari. Mjomba alifika na pikipiki yake, lakini hakukimbilia spana. Alianza kwa maswali.

"Oili umepima?"

"Nimepima. Iko sawa."

"Moshi wa rangi gani?"

"Mweusi."

"Basi si oili inayoungua, moshi ungekuwa wa bluu. Mweusi maana yake mafuta ni mengi, hewa ni kidogo."

Alipapasa mipira yote ya hewa akitafuta ufa, hakuona. Akatoa chujio la hewa, lilikuwa safi. Akajifuta jasho kwa mkono uliojaa grisi na kumtazama mama kwa jicho la mashaka. "Dada, naona turbo imekufa. Kuitoa ni kazi ya mpaka jioni. Au umekuwa ukilikanyaga likiwa bado baridi?"

"Mimi?" mama aliuliza. "Kaka, miaka yote hii unanijua."

"Turbo haifi bure, dada."

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia mjomba. Bwana afya alitikisa kichwa, akageuka na kuanza kutembea kuelekea getini.

Hapo ndipo nilipomwangalia Manukato. Hakuwa ameziba pua. Alikuwa amekodolea macho bomba jeusi lililosimama nyuma ya kabini, lile linalovuta hewa ya injini.

"Una nini wewe?" nilimuuliza.

"Mjomba," alisema kwa sauti nyembamba. "Turbo haijafa. Mama hana kosa. Ni mimi niliyeliziba lile bomba."

Kila mtu aligeuka, hata bwana afya.

"Nilidhani harufu inaingilia pale," aliendelea, machozi yakimtoka. "Jana jioni nililowesha fulana kuukuu kwa manukato, nikaishindilia ndani, nikarudisha kofia ya bomba. Gari lilipokosa nguvu nikaogopa kusema."

Mjomba alifungua ile kofia. Fulana ilikuwa imevutwa chini, na mkono wake mnene haukuweza kuifikia. Mama alimtazama Manukato. "Wako utaingia," alisema.

Manukato alikunja mkono wa shati lake jeupe na kuuzamisha mkono mpaka kwapani, uso umekunjamana. Alichokitoa sitaki hata kukikumbuka. Fulana ilikuwa nyeusi, ina utelezi, imegandwa na mende waliokufa, na manukato yalikuwa yamechanganyika na uvundo wa tangi yakawa harufu ya tatu, mbaya kuliko zote mbili. Nilitapika hapo hapo kando ya ukuta. Yeye hakuitupa mpaka mjomba alipohakikisha hakuna kipande kilichobaki ndani.

Mama aliwasha gari, akaliacha lingurume.

"Dada, hata sasa unasubiri?" bwana afya aliuliza.

"Hata sasa."

Kisha akaongeza mafuta taratibu. Moshi mweusi ukatoka kidogo, ukakata. Pampu ikanguruma na mpira ukaanza kutetemeka, ukimeza uchafu kwa mlio wa kuchefua, na shimo likashuka mpaka likabaki tope la chini. Bwana afya alitia kufuli mfukoni na kuagiza chokaa imwagwe kila pahali palipokuwa na majimaji.

"Nisamehe, dada," mjomba alisema. Mama alimpiga kidogo begani, basi yakaisha.

Manukato alikuwa bado amesimama, mkono ameutenga na mwili wake. "Mama, mimi nilichukia kunuka tu," alisema.

"Kuchukia uchafu si kosa," mama alimwambia. "Ila ulikosea ukanyamaza, ukaniacha nilaumiwe, na shule nzima ikakaribia kufungwa. Ukiharibu kitu, sema mapema, kingali kinatengenezeka. Tena unadhani mimi nimeuzoea huu uvundo? Nauchukia kuliko wewe, mwanangu. Wewe ulitaka usiusikie. Mimi nataka usiwepo, ndiyo maana kila asubuhi naenda kuutoa."

Manukato alikwenda kunawa kwa sabuni mpaka kwenye bega, kisha akarudi na kuushika mpira upande wa pili, ili mama asiuburute peke yake.