Kamba Nyekundu Mguuni mwa Kindi

Mjukuu wangu alitoka tumboni mwa mama yake akiwa amekufa... na mwili wake mdogo ulikuwa na vipele kama vyangu! Nilimpokea kwa mikono hii. Siku tatu baadaye tukamzika mama yake pia, Furaha, binti yangu wa pekee.

Miye nina miaka arobaini na nane. Shule niliachia darasa la pili, mnisamehe nikikosea. Ni mjane, kijiji chetu kiko kwenye barabara ya Kabambare kwenda Kasongo. Tangu ujana nauza nyama ya pori. Wategaji wananiletea kindi, kima, panya wakubwa; nababua, nakausha juu ya moto, nauzia wamotari, watu wa pikipiki, wanaopeleka vyakula machimboni Salamabila.

Mwaka juzi akaja enfirmye mmoja, yaani muuguzi, kutoka Kabambare, jina lake Musafiri. Alisema wanatafuta ugonjwa wa vipele unajificha kwa nyama gani. Alivaa mipira mikononi, akapitisha pamba mdomoni mwa kila mnyama aliyeletwa, akatoa damu kidogo, akafunga kamba nyekundu yenye namba mguuni. Kisha nyama akaturudishia. Hakuwa mjinga! Angezichukua, nani angemletea tena?

Sasa sikieni kosa letu. Kule sokoni Kasongo, ng'ombe akichinjwa, mtu wa usafi anaipima nyama na kuipiga muhuri. Bila muhuri watu hawanunui. Sisi tulipoona kamba ya Musafiri, tukajua ndiyo muhuri wetu wa pori... Nani alituambia vingine?

Nikaanza kuita barabarani: nyama ya kamba, nyama ya dokta! Motari mmoja akasimamisha pikipiki, akamwinua kindi kwa mkia.

"Mama Furaha, hii kindi iko na karte ya utambulisho, na miye sina!"

"Nunua basi, papa, na weye upate kuwa mutu!"

Musafiri alikuwa amesimama palepale. Alisikia yote. Alicheka mpaka akajifuta macho, akaniambia, "Endelea hivyo hivyo, mama, unatusaidia kazi." Kweli nilimsaidia! Wategaji walipoona nyama yenye kamba inaondoka haraka, walimpelekea kila walichokamata.

Furaha alikuwa na mimba ya miezi sita. Nyumbani kwetu ini la nyama ni la mwenye mimba, na analitoa yeye mwenyewe, mwingine asiliguse. Basi mchana mmoja aliletwa kindi kutoka kijito cha nyuma ya shamba letu, Musafiri ameshamfunga kamba namba thelathini na nane. Mtegaji alisema hakumtega, alimwokota akiyumba kama mlevi. Nilisikia! Tena Furaha alikuwa amejikata kidole na kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia amwache.

"Mama, si iko na kamba?"

Nikamwachia, akampasua, akalitoa ini kwa mkono ule uliokatwa... Kwa nini nilimwachia?

Wiki mbili hazikuisha, homa ikamshika. Vipele vikajaa usoni, viganjani, mpaka ndani ya mdomo. Nilimuuguza, na miye nikapata. Majirani walituwekea chakula njiani, wakakimbia. Asubuhi moja Furaha akanishika mkono. "Mama, mutoto hachezi tena."

Mengine nimeshayasema.

Nilipopona, na uso huu wa mashimo, nilienda Kabambare nikamtafuta Musafiri. Hakuweza kunitazama. Alisema kamba haikuwa na maana kwamba nyama iko muzuri. Ilikuwa namba tu, ili wakikuta ugonjwa wajue nyama ilitoka wapi. Yaani kamba ile ilikuwa inasema: bado hatujui!

Halafu likamtoka jambo lingine. Majibu ya kindi wa kwanza kupimwa kutoka kijito kile yalikuwa yamefika zamani, kabla ya yule wa Furaha. Ugonjwa ulikuwemo! Nikamuuliza, mbona hukutuambia?

"Mama, wakubwa walikataza. Tungesema, wategaji wangeficha nyama. Kazi ingekufa."

Kazi ingekufa... akafa Furaha!

Wasomaji wenzangu, sisemi muwafukuze wanaopima nyama. Wapime, ugonjwa upo, miye ni shahidi. Lakini waulizeni: hii alama ni ya nini? Jibu litarudi lini, na nani atatuletea? Na mnyama anayeyumba, au aliyeokotwa amekufa, msimguse hata akiwa na kamba kumi. Miye nilikuwa na mdomo wa kuita wateja, nikakosa mdomo wa kuuliza swali moja. Kosa hilo ni langu, nalala nalo, naamka nalo.

Lakini lako, Musafiri, silibebi.

Kamba namba thelathini na nane ninayo, nimeifunga ndani ya kitambaa cha kichwa cha Furaha. Jibu lake sijaletewa mpaka leo. Nyumba yangu unaijua. Njoo na wakubwa wako waliokuambia unyamaze, ulisome mbele ya kijiji chote. Kisha uniambie ni nani kati yenu atajibu kwa ajili ya makaburi mawili yaliyoko nyuma ya jiko langu.