Malaki Devane na Robo Eka

Ilikuwa sheria, na kila mtu katika jimbo la Mayo aliijua: mwenye kushika shamba linalozidi robo eka hapewi uji wa msaada, hata akianguka mlangoni pa wagawaji.

Malaki Devane alishika eka tatu. Huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu ukungu mweusi uingie katika viazi. Kila asubuhi alichimba shambani, na kila asubuhi jembe lilitoa uozo na harufu mbaya. Mkewe, Sabina, alichemsha majani ya mwituni yawashayo. Watoto wao wawili, Felim na Delia, waliyala.

"Rudisha shamba, tupate uji," Sabina alimwambia.

"Shamba la babu yangu nimpe yule kibaraka wa mwenye ardhi? Afadhali nife!"

"Wewe utakufa kwa kiburi, sisi kwa njaa. Kaburi ni lile lile, Malaki."

Malaki hakusikia. Kabla ya Krismasi, Felim alivimba miguu, kisha akafa. Alikuwa na miaka sita. Walimzika bila jeneza, kwa kuwa mbao zilikwisha kijijini.

Baada ya siku chache alikuja jirani yao, Bibi Garvey, mjane aliyejua kusoma. Alileta barua ya Thady, kaka yake Sabina, aliyekuwa Kwebeki, ng'ambo ya bahari. Ndani yake mlikuwa na hati za safari za watu wanne.

"Wanne," alisema Sabina, akainamisha kichwa.

"Waendao huko hawarudi," alisema Malaki. "Kwetu mtu akisafiri tunamkeshea kama maiti."

"Na huyu uliyemzika juzi, alisafiri kwenda wapi?" aliuliza Bibi Garvey. "Nisikilize, mwanangu. Hakuna ahamaye kwa kupenda bahari. Shayiri yako inalipa kodi, inapakiwa melini. Kilichobaki ni viazi, navyo vimeoza. Mwenye ardhi anataka kondoo, maana kondoo hawaombi uji. Hapa unalinda nini?"

Malaki aligeuka, akatazama shamba kupitia mlangoni.

"Rudisha shamba sasa," aliendelea Bibi Garvey, "mle uji, mpate nguvu. Msisafiri wakati wa baridi. Ngojeni majira ya kuchipua. Chemsheni nguo zote kabla ya kupanda, kwa maana uchafu na homa ni ndugu. Bebeni mikate mikavu ya mahindi. Maji ya mapipa msiyanywe mabichi. Tena msijifungie chini; pandeni juu mpate hewa."

"Mama, umewahi kupanda meli wewe?" aliuliza Malaki.

"Sijawahi. Ila barua za waliopanda nimezisoma mimi, na za waliofiwa nimezisoma mimi."

Kesho yake msimamizi wa mwenye ardhi alikuja, ameitwa na Malaki. Kwa desturi ya anayeacha shamba, Malaki alizima moto wa jikoni kwa mkono wake mwenyewe. Kisha alichomoa unyasi mmoja katika paa, akamkabidhi msimamizi. Watu wake wawili wakaibomoa nyumba. Sabina hakutazama.

Walilala katika banda la Bibi Garvey, wakila uji wa mahindi mara moja kwa siku. Mwezi wa nne walipanda meli. Safari ilichukua siku arobaini na tatu. Maiti kumi na tisa walitupwa baharini. Sabina alichemsha kila tone la maji, hata wenzake wakamcheka: "Malkia huyo, anapika maji!" Wawili kati ya waliocheka hawakufika.

Katika kisiwa walikokaguliwa wasafiri kabla ya kuingia Kwebeki, daktari alitazama ulimi wa Delia, akamshika paji la uso.

"Mzima. Pita."

Malaki alibeba magogo bandarini ili kurudisha nauli waliyolipiwa na Thady, shemeji yake. Jioni moja ya mwezi wa kumi aliweka fedha za mwisho mezani. Thady alizihesabu, akamrudishia sehemu.

"Umezidisha, shemeji. Hizi ni za watu wanne. Mlikuja watatu."

"Chukua," alisema Malaki. "Wa nne nilimchelewesha mimi."