Kichupa cha Nyumba ya Kumi na Saba

"Kaskazi, mzigo umevuka."

Sauti ya mkuu wake wa upelelezi, Bwana Jafar, ikimwita kwa jina lake la kazi, ilitoka kwenye kisikizio kilichofichwa chini ya mtandio. Mwanamkasi Boga akabadilisha gia. Yamaha yake ikanguruma juu ya daraja la Dongo Kundu. Mbele yake, Prado nyeupe ilikuwa ikikimbia kama iliyoibwa.

"Nauona, bwana mkubwa."

"Ndege inaruka saa kumi. Sanduku lisipande. Na Profesa namtaka hai. Umesikia?"

Mwanamkasi akazidisha mwendo.

"Kaskazi! Hai!"

"Nimesikia."

Alisikia. Hakuahidi.

Sanduku lilikuwa na lebo ya kamba wa kuuza nje. Ndani yake, katika barafu kavu, mlikuwa na vichupa mia nane vya damu ya watu wa Likoni. Aliyeichukua damu hiyo, nyumba kwa nyumba, miaka minne, ni Dakta Kafedha Boga, dada yake wa tumbo moja. Alitaka kujua ni kwa nini selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inaua watoto wa nyumba hii na kuwaacha wa nyumba ile.

Kafedha alipondwa na lori lisilo na nambari huko Miritini.

Arobaini yake haijafika, Profesa Albrecht Voss akachapisha makala ya utafiti huo. Jina moja tu juu yake. Lake.

Katika miaka miwili makala hiyo ilinukuliwa mara elfu moja na mia nne. Ilidai kwamba mwanamke wa nyumba ya kumi na saba alipimwa mara mbili, na mara ya pili alama ya selimundu ilikuwa imetoweka katika damu yake. Kampuni moja ya dawa ya ughaibuni ilikuwa mbioni kuununua muujiza huo.

Mwanamkasi aliisoma, akacheka mpaka akalia. Kisha akawaandikia wahariri wa jarida. Wahariri wakataka vichupa vipimwe upya.

Ndiyo maana leo vilikuwa vinatoroshwa. Vikitoka nchini, jina la Kafedha limezikwa pamoja naye.

Barabara ya Port Reitz. Malori pande zote.

Mwanamkasi akapenya katikati ya matangi mawili ya mafuta, akaipita Prado, akatupa mkanda wa misumari nyuma yake.

Pa! Pa!

Prado ikayumba, ikapanda ukingo, ikazima.

Mlinzi akaruka nje na Beretta mkononi. Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pikipiki. Hakupiga ya pili. Bastola ya Mwanamkasi, Ceska, ilikuwa imeshamtoboa bega.

"Lala hapo hapo, kaka. Ukiinuka, nitakulaza mwenyewe."

Akalala.

Profesa alishuka akiwa amekumbatia sanduku. Alikuwa amekaa Nyali miaka kumi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Binti, unanijua mimi? Nina makala mia moja na kumi na mbili. Dunia nzima inaninukuu. Wewe una nini?"

"Mimi nina bibi."

"Bibi?"

"Kwetu mjukuu hupewa jina la bibi yake. Nyumba ya kumi na saba ni kwetu. Mwanamkasi wa kwanza ni bibi yangu, Mungu amrehemu. Mwanamkasi wa pili ni mimi. Yeye alikuwa na alama. Mimi sina. Umewafanya watu wawili kuwa mtu mmoja, Profesa!"

Uso wa Profesa ukawa kama karatasi.

"Orodha haikuwa na umri..."

"Umri uko kwenye daftari la pili. Hilo hukuliiba. Kafedha alilificha kwa mama. Na wewe hukukanyaga Likoni hata siku moja kuuliza."

Mtutu ukapanda mpaka kwenye paji la uso wake. Kidole kikagusa kifyatulio.

"Kaskazi," Bwana Jafar alinong'ona sikioni. "Mwanangu. Usifanye."

Miaka miwili, kila sijda, alikuwa ameomba apewe mtu huyu. Sasa amepewa. Midomo yake ikatikisika kidogo: *Ya Rabbi, nishike mkono.*

Akashusha bastola.

"Weka sanduku chini. Polepole. Bibi yangu yumo humo."

Saa kumi ndege iliruka. Haikubeba kamba.

Dereva wa lori la Miritini alikamatwa wiki ile ile. Alimtaja aliyemtuma, Profesa, kabla chai haijapoa.

Tangu hapo, kila Ijumaa, Mwanamkasi alikwenda rumande na ukurasa mmoja. Aliubandika kwenye kioo, mbele ya macho ya Profesa. Makala yake moja imefutwa. Wiki nyingine, nyingine imefutwa. Kumbe walioibiwa kazi zao walikuwa wengi.

Ijumaa ya ishirini na tatu, Profesa hakuinua macho.

"Ungenipiga risasi tu," alisema. "Ingekuwa huruma."

"Ndiyo. Ndiyo sababu sikukupiga."

Akabandika ukurasa wa mwisho. Makala ile ile, imesahihishwa, jarida lile lile. Juu yake jina moja: Kafedha Boga. Chini yake, kwa herufi ndogo: *imenukuliwa mara moja.*

"Mara moja tu?" Profesa akacheka kwa kukwaruza.

"Ni ya leo asubuhi," alisema Mwanamkasi, akivaa miwani yake. "Kifungo kirefu kinakungoja. Utakaa uzihesabu nukuu zake."

Adhana ya Ijumaa ilikuwa inaanza. Akatoka bila kuharakisha.