Sehemu ya Saba Aliitazama na Nani?

"Usimulilie bure huyo, chéri. Atarudi," Gaëlle alisema huku akitafuna karanga. "Atarudi na jicho moja, atapiga magoti mbele ya Malkia, ataomba musamaha watu wote wakisikia."

Vainqueur alisimamisha kompyuta.

Kwenye kioo, Jemadari Dravan alibaki hewani, nusu ameanguka kutoka mgongoni mwa kiboko wake mwenye mabawa, kinywa wazi. Ilikuwa Jumapili alasiri, mtaani Mutanga Sud, Bujumbura, sebuleni kwa Mwavita, dada mkubwa wa Vainqueur. Ilikuwa sehemu ya nne ya msimu wa tatu wa tamthilia ya *Taji la Mawingu*. Ya nne! Hakuna kiumbe halali katika sebule ile aliyepaswa kujua kinachokuja mbele.

"Umejua aje?"

"Nimebahatisha tu."

"Umebahatisha jicho?"

"Mbona wanaume wa vita wanarudi na jicho moja kila siku. Washa, tuendelee."

Vainqueur hakuwasha. Siku msimu ulipotoka, wawili hawa waliweka mikono juu ya kompyuta hiyo hiyo wakaapa kwamba hakuna atakayetazama hata dakika moja bila mwenzake. Wapenzi wengine huapiana mambo madogo, kama kupendana mpaka kifo. Hawa waliapiana jambo zito.

"Kwanza msimu huu umenichosha," Gaëlle alisema haraka, akibadilisha mazungumzo. "Wa kwanza ulikuwa na akili. Wa pili ulikuwa na mavazi. Huu uko na haraka tu. Jeshi linatoka kaskazini mpaka kusini mu sehemu moja! Msimu wa kwanza njia ile ile waliitembea sehemu sita, wengine wakakufa na kiu."

"Sasa wako na viboko."

"Na viboko havikuli? Havichoki? Na ile nywele ya Malkia Orsella, nani alimuvalisha?"

"Ukiitazama mu Kifaransa vizuri utaelewa kila kitu," Vainqueur alisema kwa heshima kubwa ya nafsi yake. "Si kama wale wa filamu za kusimuliwa, mutu mumoja anasemea mfalme, bibi yake na farasi. Ile ni ya watu hawakusoma."

Gaëlle akaacha kutafuna.

Simu yake ikatetemeka mezani. Kwenye kioo chake kidogo jina likawaka: MASSOUDI. Aliidaka, akatoka barazani. Kupitia pazia Vainqueur alisikia: "Ndiyo... saa kumi na moja... apana, hapa siwezi kuongea. Niko naye."

Niko naye!

"Ni nani?" aliuliza aliporudi.

"Mutu ya chorale. Niko na répétition ya nyimbo, acha niende."

"Massoudi anaimba mu kanisa yenu ya Kikatoliki?"

"Ana sauti muzuri," Gaëlle alijibu, akambusu shavuni, akaondoka.

Dakika ishirini baadaye simu ya Vainqueur ikalia. Alikuwa Irène, rafiki wa Gaëlle, mwimbaji wa kweli wa kwaya ile.

"Allô, Vainqueur? Gaëlle iko wapi? Simu yake haipite. Mwambie leo hakuna répétition, padri ana wageni."

Vainqueur alikata simu polepole, kama mtu anayefunika uso wa marehemu.

"Yaya," alimwita dada yake. "Gaëlle anaenda chorale mara ngapi kwa juma?"

"Mi nimehesabu tatu," Mwavita alijibu kutoka jikoni. "Mwanamuke akienda chorale mara tatu, ao Mungu anamupenda sana, ao kuna mutu."

Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya *gufata irembo*, siku ambayo wazee wa Vainqueur wangesimama rasmi mlangoni kwa baba yake Gaëlle, kusema kijana wetu anamtaka binti yenu. Vinywaji vilikuwa vimeagizwa. Suti ya Tonton Gaspard, mjomba wake na msemaji wa familia, ilikuwa imepigwa pasi tangu Alhamisi iliyopita. Zilibaki siku sita za kujua kama anaoa au anachekwa.

Ni lazima kumwelewa Vainqueur. Alikuwa wakala wa forodha pale Bandari ya Bujumbura. Karatasi ikisema katoni mia mbili za sabuni kutoka Kigoma, yeye husimama pembeni zikifunguliwa, kuona kama kweli ni sabuni. Miaka minne ya kazi hiyo ilimfundisha kwamba karatasi husema lolote inalotaka.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, wenzake walipotoka kukagua mizigo, alifunga mlango wa ofisi akafungua sehemu ya tano. Ieleweke kwamba hakuitazama. Aliikagua. Aliikagua ya tano, akaikagua ya sita, akaikagua ya saba. Na kwa kuwa ukaguzi mzuri hauachwi nusu, alikagua mpaka ya kumi, akasahau kabisa mzigo wa saruji uliokuwa ukimsubiri gatini.

Na kweli, katika ya saba, Dravan alirudi. Jicho moja. Magoti. Lakini msamaha? Hakufungua kinywa. Alipiga magoti dakika mbili nzima, upepo ukipeperusha nywele za Malkia, kisha akainuka akaenda kula.

Vainqueur aliirudia. Hakuna neno.

Birindwa, mwenzake wa meza ya pili, aliporudi kutoka kula, meno yake yakiwa na mchicha, alikuta swali linamsubiri.

"Birindwa, we unafuata *Taji la Mawingu*?"

"Nafuata? Dravan alipoomba musamaha, nililia mbele ya bibi yangu na watoto."

"Hakuomba! Nimeona sasa hivi."

"Umeona gani?"

"Ya Kifaransa."

"Ah, ndugu yangu! Mu ile ya kusimuliwa anaomba. Anaomba kabisa! Tuliiona kwa jirani Ijumaa. Ni ya Massoudi wa Gasenyi, ule anasimulia filamu. Anaziuza kwake nyumbani, pahali pengine hauzipati."

Massoudi. Wa Gasenyi. Kwake nyumbani.

Vainqueur alimwandikia Gaëlle ujumbe: *Uko wapi?*

Jibu likaja: *Bibliothèque ya campus chéri. Nasoma vitabu sana.*

Kwa kuwa mafuta yalikuwa adimu juma lile na mabasi yalikuwa ya kuhesabu, alikwenda nusu ya njia kwa miguu. Alifika Gasenyi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kila aliyemuuliza alimwonyesha nyumba bila kufikiri, jambo lililozidi kumuumiza. Mtu anamharibia maisha na mtaa mzima unamjua!

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa ndani. Limezibwa na nini? Vainqueur alisogea. Godoro.

Halafu akasikia sauti. Sauti ile angeitambua hata ndani ya soko linaloungua.

"Miaka mitatu nimelala peke yangu!" Gaëlle alilia. "Nibusu kwanza, kiisha uniuwe!"

"Nitakubusu, ua langu!" mwanamume akajibu kwa kishindo.

Kisha Gaëlle tena, kwa utulivu wa mtu anayenunua nyanya: "Apana, Massoudi. Ulikuwa na haraka. Turudilie."

Vainqueur aliingia pamoja na mlango.

Alichokiona kilichelewa kufika akilini. Godoro lilikuwa limesimamishwa dirishani. Kuta zote zilivaa mablanketi. Katikati, maikrofoni ilining'inia kwenye kiango cha nguo, imevalishwa soksi. Upande mmoja alikaa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kofia kichwani na vipokea sauti masikioni. Upande wa pili, Gaëlle, daftari mkononi. Na kwenye kompyuta, mama mnene alikuwa akila ndizi.

"Kata," yule mama alisema bila kugeuka. "Kuna mutu ameingia na mulango yetu."

"Huyu ni Spès, bibi ya Massoudi," Gaëlle alisema kwa sauti ndogo. "Na huyu, Massoudi mwenyewe. Na huyu ni Vainqueur."

"Ah! Ule wa Kifaransa," Massoudi alisema.

"Gaëlle. Bibliothèque ndiyo hii?"

"Mi ndiyo Malkia Orsella," Gaëlle alijibu. "Tangu msimu wa pili. Massoudi anasemea wanaume, mi nasemea wanawake. Na maneno mengi ni mi naandika."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Nikuambie niko na watu hawakusoma? Kila Jumapili unazicheka, na mi niko pembeni yako nakula karanga."

Hapa mtu mwenye busara angekaa chini. Vainqueur alikuwa na hasira ya kilomita nyingi miguuni, na mtu wa ukaguzi hukumbuka vifungu vyote.

"Na kiapo? Ulitazama mpaka ya saba bila mi!"

"Nilitazama. Ni kazi. Hapo nimekosa, nakubali."

"Tena mumedanganya watu! Dravan haombi musamaha. Nimeiangalia mara mbili, anapiga magoti, ananyamaza!"

Spès akaacha kutafuna.

"Umeiangalia?" Gaëlle aliuliza polepole. "Ya saba?"

Vainqueur aliinama kuusimamisha mlango aliouangusha.

"Na ya nane?"

"Nilikuwa... nilikuwa nachunguza tu."

"Ya tisa?"

"Gaëlle, tafazali."

"Ya kumi, Vainqueur? Mwisho yenyewe?"

Massoudi alivua vipokea sauti, akaviweka magotini kwa huzuni.

"Kijana," alisema, "huyu mutoto amenikatalia kusimulia ya nane mpaka ya kumi. Eti ile ya mwisho ataitazama na mutu wake kabla ya siku ya irembo. Leo tunasimulia filamu ingine kabisa. Wateja wananitukana kila asubui, naambia: mugoje, kuna mapenzi ndani."

Gaëlle alifunga daftari.

"Mi sina shida na sehemu ya kumi," Gaëlle alisema. Sauti haikuwa ya Malkia tena. "Ungeniuliza, Vainqueur. Ningelia kidogo, ningekuambia. We ulinifungua kama katoni. Lakini katoni inafunguliwa mara moja, wanaipitisha, inaenda. Mi utanifungua mara ngapi? Kila simu ikilia?"

Vainqueur akapiga magoti. Palepale, juu ya nyaya.

Akanyamaza.

"Unaona?" Gaëlle aliwaambia wenzake. "Ndiyo kisa nilimuandikia Dravan maneno. Mwanaume anakosa misimu mitatu, kiisha anakuja kuonyesha magoti! Sema."

"Nimekosa," Vainqueur alisema.

"Nini?"

"Niko na mudomo, nikaenda kuchungulia. Na nimecheka kazi yako miezi yote hii, sijaisikia ata siku moja." Akauonyesha mlango. "Pale mulangoni nimeisikia. Nilitaka kukufa, ndiyo. Lakini ilikuwa muzuri."

Macho ya Gaëlle yalilowa, akayafuta kwa daftari.

"Nimesikia," alisema. "Sasa toka. Tuko na kazi."

"Na Jumamosi?"

"Toka kwanza. Unaharibu sauti."

Jumanne Vainqueur aliandika: *Wazee waje ao wasije?* Tiki mbili za bluu. Jumatano: *Gaëlle?* Tiki mbili za bluu. Alhamisi aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akatuma neno moja: *Musamaha.* Tiki mbili za bluu. Usiku wa kuamkia Ijumaa hakulala, mchana hakula, na pale bandarini alipitisha shehena nzima ya vyombo bila kuangalia ndani hata sufuria moja. Birindwa akafikiri ni malaria.

"Tunaenda," Mwavita aliamua. "Vinywaji viko tayari. Akikataa, tutavinywa mu njia ya kurudi."

Jumamosi saa nne asubuhi, wazee wanne walisimama langoni kwa Mzee Zénon, baba yake Gaëlle, Vainqueur nyuma yao na tai nyekundu iliyomkaba. Tonton Gaspard alizungumza kama desturi inavyotaka, kwa mzunguko mrefu, akasifu nyumba, akasifu mvua, akafika mwisho kwenye ua zuri linalosemekana limechanua humu ndani.

Mzee Zénon alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Maneno ni mazuri," alisema. "Lakini sisi hatuwajui ninyi. Tuna binti hapa. Akisema anawajua, mutaingia. Akisema hawajui, barabara ni ile."

Wazee walitabasamu. Kila nyumba husema hivyo siku hiyo, na kila binti hujibu kwamba anawajua. Ni Vainqueur peke yake ambaye hakutabasamu. Alikuwa akitazama barabara.

Gaëlle alitoka, amevaa mvutano, vazi la Kirundi la kijani lililofungwa begani. Alimwangalia Tonton Gaspard. Alimwangalia wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuwa na haraka yoyote. Mmoja wa wazee akakohoa.

"Papa," alisema hatimaye, "hawa wazee wanne, siwajui."

Tonton Gaspard akageuka kumtazama mpwa wake.

"Huyu wa tai nyekundu, namujua. Anasikilizaka watu kwa milango."

Minong'ono ikapanda ndani na nje ya lango. Mzee Zénon aliinua nyusi.

"Basi tumufukuze?"

"Apana, papa," Gaëlle alisema. "Mumupe kiti. Muiweke pahali ninamuona."