Maswali Aliyoulizwa Ignace

Ignace ni fundi cherehani huko Malvern, Johannesburg. Kwao ni Lubumbashi, Kongo. Mwaka 2017 alikuwa ametumia dawa za VVU kwa miaka minne, na mwili wake ulikuwa na nguvu.

Kisha akabadilika. Alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Chakula alikiacha. Binti yake, Shekinah, alipomwita, hakuitika.

"Baba Shekinah, unaumwa?" mkewe Murielle aliuliza.

"Nimechoka tu."

Siku moja Murielle alifungua kopo la dawa. Vidonge vilikuwa vimebaki vingi mno. Hakumgombeza mumewe. Walikwenda kliniki pamoja.

Huko walimkuta Hedwiga, mshauri kutoka Tanzania. Alimwomba Murielle asubiri nje, akafunga mlango.

"Habari za siku, kaka Ignace?"

"Nzuri."

"Hiyo ilikuwa salamu. Sasa nakuuliza kweli. Kwa wiki mbili hizi, umekuwa na huzuni siku ngapi?"

Ignace alitazama sakafu. "Zote."

"Usingizi unapata?"

"Hauji."

"Umefikiria kwamba ni heri ufe?"

Machozi yakamtoka. "Mara nyingi. Eish, dada, mwanamume mzima! Utaniona nina wazimu."

"Hapana, kaka. Hizi ni dalili za sonona. Ni ugonjwa, na unatibika. Huwapata wengi wanaoishi na VVU. Mtu huacha dawa si kwa uzembe, ila moyo umechoka. Ndiyo maana tunamuuliza kila mtu, hata anayeonekana mzima."

Hedwiga hakumwacha peke yake. Alimwita daktari saa ile ile. Ignace alipokubali, Murielle naye aliingia, akaelezwa jinsi ya kukaa karibu na mumewe.

Daktari alimpa dawa za sonona. Kila Jumanne Ignace alizungumza na Hedwiga. Wiki za kwanza hakuona nafuu, akataka kuacha.

"Vumilia, baba," Murielle alimsihi. "Tuko pamoja."

Katika mwezi wa pili wa matibabu alianza kula na kulala. Dawa zake zote alizimeza kila siku. Baada ya miezi sita, vipimo vilionyesha virusi vimefubaa tena.

Jumapili moja, wakirudi kutoka kanisani, Ignace alisema, "Mama Shekinah, leo moyo wangu ni mzito."

Zamani angenyamaza.

Murielle alipunguza mwendo, akamshika mkono.

"Niambie," akasema.