Miti ya Marehemu Ismaili

Bi Sabra anaishi peke yake katika kitongoji cha Kwemdoe, kwenye milima ya Usambara, juu ya mji wa Lushoto. Nyumba yake ni ya mwisho. Ukiipita, unakuta shamba lake la maharage, kisha chemchemi, kisha msitu.

Asubuhi huwasha redio. Mtangazaji akisema, "Habari za asubuhi, msikilizaji," Bi Sabra hujibu, "Nzuri, baba." Siku nyingine hilo ndilo neno pekee analolisema mpaka jioni.

Zamani haikuwa hivi. Mume wake, Ismaili, alikuwa hai. Mtoto wao, Mbaraka, alikuwa hajaenda kufanya kazi Tanga. Na wanawake wa kitongoji walikuja kuchota maji kwenye chemchemi. Walipiga hodi, waliomba moto, walicheka kwa Kishambaa.

Kisha maji yakaanza kupungua. Kila kiangazi yalipungua zaidi, mwisho likabaki tope. Wanawake wakahamia bondeni, mbali, kuchota mtoni. Njia ya kupita kwa Bi Sabra ikaota nyasi. Naye akawa anateremka bondeni na ndoo yake, halafu anaupanda mlima wote kurudi.

Siku moja alisikia hodi. Alishtuka. Hakuwa amesikia hodi tangu mwezi wa Ramadhani.

"Shikamoo, mama," alisema mwanamke mlangoni.

"Marahaba. Karibuni. Karibuni sana!"

Alitoa nje viti vyote vya nyumba, ingawa wageni walikuwa wawili tu. Mwanamke aliitwa Esteria. Alikuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji. Mwenzake, Jafari, alisimamia kitalu cha miche cha vijana wa msikitini.

"Mama," alisema Esteria, "mto unakauka. Wenzetu wa chini wanateseka kuliko sisi. Kila kikundi kilijaribu peke yake. Wanawake wa kanisani walipanda miti, mbuzi wakaila. Vijana wa Jafari walichimba matuta upande mmoja, mvua ikaporomosha upande wa pili. Sisi wa jumuiya tulitoza faini, watu wakatukimbia. Sasa tumekaa pamoja, na serikali ya kijiji imo. Tumekubaliana kuanzia juu, kwenye chanzo."

"Kwangu?"

"Kwako, mama. Tunaomba kuikata ile mikaratusi."

Bi Sabra aligeuka kuitazama. Ilizunguka chemchemi, mirefu, yenye magome meupe. Ismaili aliipanda mwaka aliozaliwa Mbaraka.

"Hiyo hapana," alisema. "Ndiyo niliyobaki nayo. Upepo ukipita pale, namsikia marehemu mwenyewe."

Jafari alitaka kujibu. Esteria akamgusa mkono.

"Tumekusikia, mama," alisema. Wakaaga.

Wiki iliyofuata Esteria alirudi peke yake. Hakutaja miti. Alikaa barazani, akachukua maharage mabichi, akaanza kumenya pamoja na mwenyeji wake. Mwishowe Bi Sabra aliuliza mwenyewe.

"Mkaratusi una kosa gani? Mti si mti?"

"Ni mti mzuri, mama. Unatoa nguzo, mbao na kuni. Lakini una kiu kubwa. Ukiupanda kando ya chemchemi, unakunywa kabla yetu. Mahali pake ni juu, kwenye mgongo mkavu, mbali na maji. Kando ya maji tunataka mkuyu."

"Na mkuyu haunywi?"

"Unakunywa. Lakini unatupa kivuli kizito, na majani yake yanaoza chini. Udongo unakuwa laini, unafyonza mvua taratibu. Maji hayo ndiyo yanayotoka kwenye chemchemi wakati wa kiangazi. Udongo mtupu haufyonzi kitu. Mvua inakimbia tu, inaondoka na udongo wetu mpaka Mombo, chini ya milima."

Bi Sabra alimenya ganda moja, kisha jingine.

"Si kuna sheria? Mbona hamnilazimishi?"

"Ipo. Mita sitini kutoka kwenye chanzo, hakuna kulima. Na mbuzi tumewakataza pia. Lakini leo sikuleta sheria. Nimekuja kwako."

"Na ile mikaratusi mingine ya kule juu mgongoni?"

"Ile ibaki. Haidhuru kitu. Na hii ya chini ikikatwa, mbao ni zako."

Jioni Bi Sabra alimpigia simu Mbaraka. Alikuwa kazini, kulikuwa na kelele.

"Kata, mama," alisema. "Baba asingependa uteseke na ndoo." Kisha simu ikakatika.

Siku ya kazi walikuja watu wengi, wa msikitini na wa kanisani. Mkaratusi wa kwanza ulipoanguka, nyumba ilitetemeka. Bi Sabra alikuwa ndani, ameketi kitandani. Alilia. Kisha alijifuta uso, akatoka kuwapikia watu uji.

Vijana walimhamishia shamba lake la maharage mbali na chanzo. Wenye mashamba ya juu walichimba matuta, wakapanda majani ya guatemala kwenye kingo. Majani hayo hushika udongo, na ng'ombe huyala. Wanawake wa kanisani walileta miche ya mikuyu na mishai, miti ya asili ya milimani.

"Visiki vya mkaratusi havifi upesi," Jafari alimweleza Bi Sabra. "Vikichipua, vunja machipukizi. Usiache hata moja."

Watu wakaondoka. Bi Sabra akabaki na visiki. Kila wiki alikwenda kuvunja machipukizi. Upepo ulipita bila sauti yoyote.

Kiangazi cha kwanza kulikuwa na tope lile lile. Bi Sabra alimfuata Esteria mpaka kwake.

"Mmenidanganya," alisema.

"Hapana, mama. Udongo ulichoka miaka mingi, hauponi kwa mwaka mmoja. Subiri. Mimi pia nasubiri."

Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Miche ikampita Bi Sabra kimo. Kiangazi cha tatu, alipokuwa akipalilia miche pale chemchemini, alisikia kitu. Aliinama. Maji yalikuwa yakitoka chini ya jiwe, membamba kama kidole. Kiangazi kizima hayakukatika.

Vikundi vikajenga tangi dogo chini ya chemchemi. Bomba likateremshwa mpaka karibu na shule, watu wote wachote kwa urahisi. Bi Sabra alielewa maana yake: hakuna atakayepita tena mlangoni kwake. Hakulalamika. Watoto wa shule walipata maji, na mto chini ulianza kutiririka.

Lakini siku ya tatu baada ya bomba kufunguliwa, alichukua ndoo yake, akateremka njia yote mpaka shuleni. Akapanga foleni.

"Bibi!" alishangaa msichana mmoja. "Si maji yanatoka kule kule kwako?"

"Yapo tele, mjukuu wangu," alisema Bi Sabra. "Ila kule hakuna wa kunitwika."

Wanawake wawili wakasogea. Kisha mmoja akashika ndoo upande huu, mwingine upande ule, wakamtwika. Akapanda mlima nao, wakizungumza.